Utepe wa bondi ndani ya tenki la mafuta umelegea, nikaze tu au kuna zaidi?

Kijana_wa_Hanga:

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni. Mimi niko mwaka wa 3 wa ufundi wa ndege, sasa hivi nafanya mazoezi kwa vitendo kwenye hanga moja huku kaskazini, ndege zetu ni zile ndogo za turbini zinazopeleka watalii mbugani. Naomba mnisaidie kuna jambo limenikaa kichwani tangu jana.

Rubani aliandika kwamba geji ya mafuta upande wa kushoto inacheza, tukatoa mafuta, tukaacha tenki lipigwe hewa, tukafungua kifuniko cha bawa. Wakati fundi mkubwa anahangaika na senda ya geji (kile kifaa cha ndani ya tenki kinachopeleka kipimo kwenye geji) mimi ndo nilikuwa nimeshika tochi, nikaona pale bomba linapoungana na bomba lingine kwa kile kiungio chenye raba ndani, juu yake kuna kautepe ka nyuzi za chuma zilizosukwa kama kamba ya kiatu, kanavuka kutoka bomba moja kwenda lingine, ndo huo utepe wa bondi, wa kuunganisha vyuma viwe kitu kimoja kiumeme. Upande mmoja kamekazwa vizuri, upande wa pili ukikagusa kwa kidole kanazunguka kwenye boliti, na chini yake pana weusi kama masizi.

Nikamwonyesha mkubwa, akasema kaza tufunge, hako ni ka stetiki tu (umeme tuli wa msuguano), halafu haya mafuta ni Jet A-1, ndugu yake mafuta ya taa. Sikubishana maana ni mtu ninayemheshimu na amenifundisha mengi, ila nikaomba nipime. Multimita ya kawaida ikanipa omu 0.4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nikagusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe nikapata 0.3. Sasa hapo nimepima utepe au nimepima waya za mita? Bahati ndege imetolewa kwenye ratiba sababu senda mpya haijafika, kwa hiyo tenki liko wazi mpaka keshokutwa, nina muda wa kujua ukweli.

Na la pili, nje kwenye kujaza, jamaa wa boza anabana klipu kwenye ndege kabla hajapanda ngazi, lakini sijawahi kuona akichomeka chochote ardhini. Huo waya unasaidia nini kama hauendi ardhini?

BabaBoza:

Marahaba kijana. Nianze na hilo la pili maana ndo kazi yangu, nimejaza ndege miaka 14, kuanzia zile za watu 4 mpaka za mizigo.

Ule waya lengo lake si ardhi. Lengo ni boza na ndege viwe kitu kimoja kiumeme. Mafuta yakipita kwenye bomba, na hasa yakipita kwenye chujio, yanabeba chaji, yanaiingiza kwenye ndege na boza linabaki na chaji ya upande wa pili. Ukiwa umefunga waya chaji inarudi ilikotoka kimya kimya. Usipofunga inasubiri nafasi ya kuruka, na nafasi yenyewe itakuwa pale unaposogeza nozeli kwenye mdomo wa tenki, yaani palepale mvuke unapotokea. Hata viwango vya Marekani vya kujaza mafuta ndege, NFPA 407, vinadai bondi kati ya gari na ndege, ardhi havidai. Ila kama kampuni yako imeandika ufunge na ardhi basi funga, usianze kubishana na utaratibu ukiwa kwenye lami.

Sasa mpangilio ndo watu wanaukosea. Klipu ya boza kwanza, halafu ule waya mfupi wa nozeli unaugusa kwenye kituo chake, yaani sehemu ya chuma iliyowekwa kwa ajili ya waya, karibu na mdomo wa tenki, NDIPO unafungua kifuniko. Kumaliza ni kinyume chake, kifuniko kinarudi kwanza waya unatoka mwisho. Nimewaona vijana wanafungua kifuniko, wanaingiza nozeli, halafu ndo wanakumbuka waya, hapo ni sawa na kuleta cheche mahali ambapo mvuke umeshafika.

Na klipu usibane kwenye rangi. Rangi ni kizuizi, meno ya klipu yakiishia kwenye rangi hujafunga kitu. Usibane kwenye antena wala kwenye kitu kinachozunguka. Tafuta kituo chenyewe kilichoandikwa, au sehemu ya chuma kitupu iliyotajwa kwenye kitabu cha ndege.

Kingine nilichokiona kwa macho yangu, kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi waya wa rola, ule unaovingirishwa kwenye boza, ulikuwa mzima ukiutazama, ganda zuri, klipu inang'aa. Siku ya kupima tukakuta hamna kitu, nyuzi zilikatika zote ndani ya ganda, palepale karibu na klipu panapokunjwa kila siku. Tulikuwa tunafunga kamba tu na hatujui tangu lini. Tangu hapo mimi nataka waya wenye ganda la kuona ndani au usio na ganda kabisa, na kila asubuhi nauvuta, naukunja pale shingoni naangalia nyuzi.

Mzee_wa_Riveti:

Kijana umeuliza vizuri na umefanya vizuri kutofunga. Nimestaafu lakini miaka mingi nimeishi ndani ya matenki, nitaandika kirefu univumilie.

Hako kautepe usikaite kadogo. Fikiria hilo bomba. Limeshikwa na vibano vyenye raba huku na huku, na viungio vyake vina raba ndani ili bawa likijipinda bomba lisipasuke. Sasa kipande cha bomba kati ya viungio viwili, ukitoa ule utepe, ni chuma kinachoelea, hakijagusana na chuma kingine chochote. Mafuta yanapita ndani yanakiachia chaji kidogo kidogo, yenyewe haina pa kwenda, inajilimbikiza. Na chuma kilichotengwa ni hatari kuliko plastiki kwa jambo moja, plastiki ikitoa cheche inatoa ya pale palipoguswa tu, chuma kinatoa chaji yote kwa mpigo mmoja.

Mvuke wa mafuta ukichanganyika na hewa kwa kipimo chake unahitaji kama milijuli 0.2 tu kuwaka. Yaani chukua juli 1 uigawe mafungu 5,000, fungu moja linatosha. Ile unayovua sweta usiku wa baridi ukasikia ta kidoleni imeshapita hapo.

Halafu kuna radi, na hapa ndo naona mkubwa wako amesahau. Utepe si wa stetiki peke yake. Radi ikipiga bawa mkondo unaotumika kwenye majaribio ya ndege unafika ampea 200,000 kwenye kilele, unatafuta njia kwenye kila chuma kilichopo, na pale njia inapokatika kidogo, kama chini ya boliti iliyolegea, ndo unaruka. Tarehe 8 Desemba 1963 Boeing 707 ya Pan Am, safari namba 214, ilipigwa radi ikisubiri kutua Philadelphia, mvuke kwenye tenki la bawa ukalipuka, ikaanguka Elkton jimbo la Maryland na watu wote 81 wakafa. Baada ya hapo ndo ulinzi wa radi kwenye matenki ukaanza kuangaliwa kwa jicho lingine.

Watu wengi wakiongea matenki wanataja TWA 800, ile 747 ya tarehe 17 Julai 1996 karibu na New York, watu 230. Niiseme ilivyo maana huwa inasimuliwa vibaya. Tenki la katikati ndilo lililolipuka, hilo halina ubishi. Wachunguzi waliangalia mpaka viungio vya mabomba visivyo na bondi, wakaona haielekei kuwa ndo chanzo, wakasema kinachoelekea zaidi ni shoti nje ya tenki iliyoingiza umeme mkubwa kwenye waya za geji ya mafuta. Waya za geji, kijana. Hizohizo ambazo mkubwa wako alikuwa anazishika wakati wewe unaangalia utepe. Kwa hiyo senda mpya ikija msiichukulie kuwa ni kubadilisha kifaa tu, angalieni waya zinavyopita, zisisuguane na kitu, zisilalie waya za umeme mkubwa.

Vipimo sasa. Multimita yako haijakudanganya, ila umeiuliza kitu isichokiweza. Waya zake zenyewe zina omu 0.3, wewe unatafuta kitu cha elfu za omu, sawa na kupima unga wa kijiko kwa mizani ya magunia. Unahitaji mita ya bondi, ya waya 4, waya 2 zinapeleka mkondo na 2 zinasoma volti palepale kwenye kiungio, hivyo ukinzani wa waya hauingii kwenye jibu. Na ukipima ndani ya tenki iwe mita iliyothibitishwa kutumika penye mvuke, hiyo multimita isirudi humo ndani tena. Tochi pia, nitafurahi kusikia ilikuwa ya aina gani.

Namba utaitoa kwenye manyuali (kitabu cha matengenezo) ya ndege yenyewe. Utasikia mili-omu 2.5, yaani elfu za omu, kila mahali, ni namba maarufu iliyotoka kwenye viwango vya jeshi la Marekani, lakini usiibandike kila kiungio, kila sehemu ina yake.

Na huo weusi ndo ugonjwa wenyewe, kukaza si dawa. Alumini ikikaa wazi inajifunika ngozi ngumu isiyopitisha umeme, ukikaza juu ya uchafu leo utapata namba nzuri, baada ya mitikisiko ya miezi miwili inarudi palepale. Toa utepe, angalia nyuzi kama kuna zilizokatika, kama zipo weka mpya. Safisha eneo la mguu wake tu na si zaidi, toa praima (rangi ya kwanza) na ile ngozi mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kugeuza uso wa alumini ile inayoacha rangi ya dhahabu, hiyo inazuia kutu na bado inapitisha umeme. Funga kwa toki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa, pima, andika namba, halafu ndo upake siilanti (dawa ya kuziba) juu kama manyuali inataka. Wapo wanaopaka siilanti kwanza halafu wanapima, na wakikuta mbaya wanaona uvivu kubandua.

Mwana_Nyika:

Mzee heshima yako, nasoma nakubali mengi, ila niseme na mimi upande wangu. Nimeruka viwanja vya vumbi zaidi ya miaka 20, tumejaza kwa mapipa, tumejaza kwa madumu ya plastiki na faneli juani, na hakuna kilichowahi kutokea. Jet A-1 ukitupia kiberiti kwenye beseni kinazima. Nahisi vijana mnawatisha, tutafika mahali ndege inalala siku tatu sababu ya uzi.

Mzee_wa_Riveti:

Ndugu yangu Mwana_Nyika nakuelewa, na kiberiti ni kweli kinazima, mafuta yakiwa ya baridi na yametulia kwenye beseni. Jet A-1 inaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi joto 38 za Selsiasi. Sasa niambie bawa la chuma lililosimama juani kuanzia saa 4 mpaka saa 8 mchana lina nyuzi ngapi, weka kiganja uone kama utahesabu mpaka 10. Na hata kabla ya 38, mafuta yakimwagwa kwa kasi toka juu yanapiga povu na kutoa matone madogo kama ukungu, ukungu huo unaweza kuwaka hata kama mafuta yenyewe hayajafika joto hilo.

Na wengi wenu huko nyikani mna ndege za pistoni pia, zinatumia Avgas, hiyo ni petroli, inatoa mvuke hata kwenye barafu. Mnaazimana mapipa na madumu, dumu la jana lilikuwa na Avgas leo linawekwa Jet. Hapo mvuke wa petroli uko tayari ndani, halafu unamimina mafuta yanayotengeneza stetiki vizuri zaidi juu yake.

Dumu la plastiki halifungiki bondi, hata ulizungushie waya mara kumi plastiki haipitishi. Faneli ya plastiki hivyohivyo. Wewe mwenyewe uliyeshika dumu umevaa soli ya raba ni kama kile kipande cha bomba kinachoelea. Pipa la chuma, pampu ya mkono, faneli ya chuma, waya kutoka pipa mpaka ndege, hayo hayagharimu siku tatu, yanagharimu dakika mbili.

BabaBoza:

Naongezea hapo kwa Mwana_Nyika, madumu mengi yalijazwa ukanda wa pwani hewa ikiwa na unyevu, unyevu unasaidia chaji kupotea. Peleka dumu lilelile Dodoma mwezi wa 9 au kule Turkana upepo mkavu unavuma, ni jambo lingine kabisa. Mimi Dodoma nimewahi kugusa kishikio cha ngazi ya boza nikarushwa mkono.

Na mafuta yakitoka kwenye chujio yanahitaji muda ili chaji ipungue, ndiyo maana mifumo mikubwa inapigiwa hesabu ya sekunde 30 kati ya chujio na tenki kama mafuta hayana dawa ya kuondoa stetiki. Jet A-1 yenye dawa hiyo inatakiwa iwe na upitishaji wa pikosimensi 50 mpaka 600 kwa mita, na sisi tunapima. Lakini dawa haichukui nafasi ya waya, zote mbili zinakwenda pamoja.

Dada_wa_Doha:

Asalaam aleikum wote. Mimi ni Mtanzania niko huku Ghuba kwenye ndege kubwa zenye mabawa ya kaboni badala ya alumini, naomba nichangie kitu kimoja maana nimeona kijana anaweza kuondoka hapa akidhani kila penye pengo aongeze utepe.

Kwenye bawa la alumini bawa zima ndo njia ya umeme. Kwenye bawa la kaboni si hivyo, kaboni inapitisha umeme lakini vibaya sana ukilinganisha na alumini, kwa hiyo ganda la nje linawekewa wavu mwembamba wa chuma chini ya rangi ili radi itawanyike, na boliti zinazopenya kwenye tenki zina namna yake ya kuingizwa na kufunikwa ili zisitoe cheche upande wa ndani. Nimekaa zamu nzima kwenye boliti 6 tu, kila moja inapimwa, inafunikwa, mtu wa pili anakuja kuangalia, ndo unaenda inayofuata.

Na kuna mahali kwenye mabomba ya ndege hizi wameweka kwa makusudi kipande chenye ukinzani mkubwa. Kinaachia stetiki ipite taratibu, lakini kinaukatalia mkondo wa radi usipite kwenye bomba ndani ya tenki. Fundi asiyejua akaja akaona pengo, akavusha utepe wa chuma kwa nia njema, amefungua mlango ambao mbunifu aliufunga. Kwa hiyo usiondoe usichoambiwa na usiongeze usichoambiwa.

Kwa ndege kubwa za abiria tangu kanuni ya SFAR 88 ya Marekani ya mwaka 2001 kuhusu usalama wa matenki ya mafuta vitu vya namna hii kwenye matenki vina orodha yake kwenye manyuali, ukiona CDCCL (alama ya sehemu ambayo muundo wake haubadilishwi) kwenye ukurasa ujue hapo hakuna cha kubuni. Ndege yako ndogo inaweza isiwe na alama hiyo, utepe ni uleule na mvuke ni uleule.

Kuhusu mkubwa wako, usimwendee na maneno. Chapisha ukurasa wa manyuali wenye kikomo cha ukinzani, pima mbele yake, mwachie asome mita mwenyewe. Mimi nimefanya hivyo na watu wazima kunizidi miaka 25 na hatujawahi kukosana.

Kijana_wa_Hanga:

Asanteni sana sana, nimesoma mara tatu.

Naleta mrejesho. Mita ya bondi hapa hanga ilikuwepo, imefungiwa kwenye kabati la vifaa vya kupimia, tarehe ya kukaguliwa bado haijapita. Tochi mzee ilikuwa ile ya kuruhusiwa, nimehakikisha maandishi kwenye shingo yake. Multimita ndo lilikuwa kosa langu, nimeshaandika.

Nilifanya alivyosema dada, nikachapisha ukurasa, nikamwita mkubwa. Upande mzuri wa utepe ulisoma mili-omu 0.7. Upande uliolegea namba haikutulia, mara 40, mara 110, nikiugusa bomba inaruka. Alikaa kimya akaangalia ile mita, akaniambia leta brashi na ile dawa ya dhahabu. Tulipoutoa tukakuta nyuzi kama 10 zimekatika upande wa chini, usingeziona bila kuutoa. Mpya imewekwa, kabla ya siilanti imesoma 0.8, kaandika yeye mwenyewe kwenye karatasi ya kazi na kasaini, halafu akaniambia nizibe.

BabaBoza, nimeenda pia kukagua klipu ya boza letu asubuhi, nikaukunja pale shingoni, nyuzi ziko zima, ila jamaa alikuwa anabana kwenye mguu wa tairi ulipopakwa rangi. Tumemwonyesha kituo, kilikuwa kimejaa grisi, tumekisafisha kwa kitambaa.

Swali dogo limebaki. Bawa la kulia halina tatizo lolote la geji na halijafunguliwa, lakini utepe wake una umri uleule. Mkubwa amesema kesho saa 2 tulitoe mafuta tulifungue. Kuna kitu kingine cha kutazama humo zaidi ya utepe na waya za geji, au nikianza na hivyo inatosha?

Mzee_wa_Riveti:

Anza na hivyo, halafu pitisha macho kwenye vibano vinavyoshika bomba. Raba yake ikiwa imekauka na kupasuka, chuma cha kibano kinaweza kuwa kinagusa bomba na kuachia, kinagusa na kuachia, kila bawa likitikisika. Alama yake ni mstari mdogo unaong'aa kwenye bomba. Pitisha kidole chini ya bomba pia, upande usiouona.